Rangi kali za kucha kwa majira ya kuchipua: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Majira ya kuchipua yakikaribia, rafu za rangi za kucha hugeuka sura. Maruni na kahawia husogezwa nyuma, mbele zikajaa njano, marijani, feruzi na pinki za kuumiza macho, na kila chupa inakuita. Lakini kupendeza chupani ni jambo moja na kukaa vizuri kwenye ukucha ni jingine, na kwa rangi kali pengo hilo ni kubwa kuliko kwa nyekundu ya kila siku. Ndiyo maana sikuzipanga kwa uzuri, maana kila mtu na macho yake. Nimezipanga kwa namna zinavyomvumilia mtu anayejipaka mwenyewe, tena na ule mkono asiouzoea.

1. Marijani

Ukinunua chupa moja tu, iwe hii. Marijani hukaa katikati ya pinki na chungwa, na karibu kila ngozi inaipokea. Chukua iliyo nzito kama krimu, isiyo na chembe za kumetameta: tabaka mbili zinatosha kufunika. Ina siri nyingine wanayoijua waliokwisha kuizoea: ncha ikibanduka siku ya tatu, huonekani umeharibikiwa, kwa sababu rangi yenyewe haiko mbali sana na ya ukucha.

2. Feruzi na bluu ya anga

Hizi huchanganywa na nyeupe kiwandani, na nyeupe ndiyo inayofunika. Hata anayeanza hupata ukucha usio na michirizi. Ubaya wake huja siku ya kuitoa: bluu na kijani nyingi huacha doa kwenye ukucha, na ukisugua vibaya hata ngozi ya pembeni hubaki na buluu. Paka kwanza kipako cha msingi, kile kisicho na rangi. Usikiruke.

3. Pinki kali

Ni nzuri, ila chagua kwa makini. Baadhi ni laini na zinapenyeza mwanga, zinahitaji tabaka tatu. Nyingine, ukizitazama vizuri, ni neoni iliyojificha kwa jina la pinki, na hukumu yake iko chini.

4. Kijani

Kijani cha mnanaa hutulia kama feruzi. Kijani cha majani mabichi kina njano nyingi ndani, na kimerithi matatizo yake.

5. Njano

Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kuisingizia mikono yao. Kosa si la mikono. Rangi nyingi za njano hazina nguvu ya kuficha kilicho chini, kwa hiyo ile sehemu nyeupe ya ncha huonekana kama mstari, na kila mahali brashi ilipopita pakabaki mchirizi. Ukijaribu kuokoa hali kwa kumwaga tabaka nene, juu inakauka, chini inabaki mbichi, kisha vinatokea viputo na alama za shuka usiku.

Njano inataka subira. Paka kipako cha msingi, kisha tabaka moja jembamba la nyeupe, halafu njano mara mbili au tatu, nyembamba kila mara, ukipumzika dakika kadhaa katikati. La kwanza la njano litakuwa baya. Liache hivyo hivyo. Ukilirudia likiwa bado bichi utalivuta na kufunua nyeupe. Dukani tafuta njano yenye maziwa kidogo, kama siagi, badala ya ile inayong'aa kama taa. Inafunika vizuri zaidi, ingawa ikizidi maziwa huonekana kama chaki kwenye ngozi nyeusi.

6. Neoni

Naipenda, na bado naiweka mwisho. Chembe za neoni hunyonya mwanga wa UV na bluu kisha kuurudisha kama mwanga unaoonekana, ndiyo maana inawaka kuliko rangi yoyote. Lakini inapenyeza mwanga, mara nyingi hukauka ikiwa kavu bila mng'ao, na jua huifubaza. Bila nyeupe chini na kipako cha kung'arisha juu, haifikii hata nusu ya ulichokiona chupani. Ukikubali kazi hiyo, kwenye ngozi nyeusi hakuna kinachoishinda.

Kabla ya kulipa

Usiamini rangi ya chupa. Ndani ya chupa rangi ni nene, kwa hiyo huonekana imekolea kuliko itakavyokuwa kwenye ukucha. Inamisha chupa kisha isimamishe, uangalie inavyoteremka kwenye kioo: ikiacha utando unaoona kupitia, hesabu tabaka tatu. Pale penye chupa ya kujaribia, paka kipande cha utepe wa gundi usio na rangi, ukibandike juu ya ukucha, utoke nacho nje kwenye mwanga wa mchana. Taa za dukani huidanganya njano kuliko rangi zote.

Angalia na brashi kama unaweza. Pana na ya duara kidogo nchani hupaka ukucha mkubwa kwa mipigo mitatu. Wenye kucha ndogo watafurahia nyembamba. Na kwa rangi ya kujaribu, chupa ya mililita 5 inatosha kabisa. Nani amewahi kumaliza chupa kubwa ya chungwa?

Maandishi ya "haina" kemikali kadhaa wa kadhaa kwenye lebo yasikupandishie bei. Yalianzia kwenye toluini, fomaldehaidi na DBP, kemikali ya kulainisha rangi isipasuke, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 2004.

Kawaida, jeli au za kubandika?

Kwa kujaribu rangi, ya kawaida inashinda: ikikukera leo, pamba na dawa ya kutolea inatosha. Za kubandika ni za pili, hasa kwa neoni na njano, kwani kiwanda kimekwisha kukupigia ile kazi ya nyeupe.

Jeli hudumu wiki mbili hivi, na hilo ndilo tatizo lake hapa. Kuitoa kunataka kulowesha kucha kwa asetoni, na anayeibandua kwa hasira huondoka na tabaka la ukucha. Ukiinunua kwa matumizi ya nyumbani, soma lebo: HEMA, kemikali ya jeli inayosababisha mzio kwa baadhi ya watu ikigusa ngozi, Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 ibaki kwa mafundi tu, na TPO, inayosaidia jeli kuganda chini ya taa, imepigwa marufuku huko tangu Septemba 1, 2025. Chupa za zamani bado zinaweza kuwa nazo.

Ukishanunua, weka chupa wima, mbali na jua na moto, maana vimiminika vyake hushika moto upesi. Futa shingo ya chupa kabla ya kufunga. Ikianza kuwa nzito, tia matone mawili matatu ya kiyeyushi cha rangi ya kucha, uiviringishe katikati ya viganja badala ya kuitikisa. Usitie asetoni, itaiharibu rangi yenyewe.