Mtambo wa kuchuja maji kwa tangi la matumbawe: tathmini ya mtumiaji wa Nairobi

Mwani unapovamia matumbawe, wengi wetu hukimbilia dawa kabla ya kuyachunguza maji tunayoyamimina tangini. Kwa maoni yangu, mtambo wa hatua nne wa osmosisi kinyume (yaani kuyasukuma maji kwa shinikizo yapite katika utando unaozuia chumvi), wenye kiwango cha lita 284 kwa siku, ndio wa kununuliwa kabla ya chupa yoyote ya dawa.

Chujio la kwanza hunasa mashapo, la kaboni huondoa klorini ambayo ingeuharibu utando, utando wenyewe huzuia sehemu kubwa ya chumvi zilizoyeyuka, na resini, yaani punje za kunasa chumvi, humalizia zile zilizopenya. Maji ya mfereji yatokayo bwawa la Ndakaini yana chumvi chache, kwa hiyo resini hudumu. Maji ya visima virefu, ambayo malori hutuuzia mgao unapokaza, yamepita katika miamba ya volkano na mara nyingi hubeba floraidi na silikati kwa wingi. Na silikati ndiyo inayostawisha dayatomu, ule uchafu wa kahawia unaofunika mchanga na vioo. Kijitabu cha mtambo hakisemi kwamba kipimo kinachoambatana nao hupima tu uwezo wa maji kupitisha umeme, uwezo ambao silikati haiuongezi sana, hivyo kinaweza kuonyesha sufuri ilhali silikati inapita, nayo ni miongoni mwa za kwanza kuponyoka resini inapoanza kuchoka. Anayetegemea kisima aongeze kikombe cha pili cha resini, wala asingoje kipimo kimwonye.

Nimeunyima nyota moja kati ya tano kwa sababu ya shinikizo. Lita 284 hupatikana maji yakiwa na joto la nyuzi 25 na shinikizo la takriban baa 4, lakini tangi la juu ya paa hutoa baa 1 tu kwa kila mita 10 za kimo, kwa hiyo mpangaji wa ghorofa ya juu hafikii hata robo yake, tena maji ya Julai ni baridi. Pampu ya kuongeza shinikizo ni ya lazima, nayo huuzwa kando. Hata ikiwapo, kila lita safi huacha lita tatu au nne za maji ya kutupwa. Mimi huyakinga ndooni kwa ajili ya choo na kudekia.

Mtambo huu hauondoi fosfeti na naitreti, virutubisho vya mwani, zitokanazo na chakula cha samaki. Sianobakteria, lile tabaka jekundu lenye utelezi, ni bakteria wala si mwani, na hushamiri mahali mkondo ulipo hafifu na mabaki ya chakula yanaporundikana, hata maji ya kujazia yakiwa safi kabisa. Kulifyonza kwa mpira wa maji na kuelekeza pampu ya mkondo mahali hapo hutangulia dawa. Atakayeamua kutumia antibayotiki azingatie kwamba bakteria wanaokufa kwa pamoja huoza na kumaliza oksijeni, na kwamba Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya Mombasa yenye joto na chumvi sawa; kwa hiyo pampu ya hewa ifanye kazi usiku na mchana muda wote wa tiba, ikiwa na betri ya akiba kwa ajili ya umeme unapopotea.