Bushi ngumu kwenye Impreza yangu: nzuri sana, ila hasira ninazo

Naandika nikiwa bado nachemka, kwa hiyo mnivumilie. Wiki mbili zilizopita ningewaambia bushi za raba ngumu, yaani zile raba za kwenye maungio ya mikono ya chuma inayoshika magurudumu, ni mali safi, zifungeni kesho asubuhi. Jana jioni nililala chali chini ya gari, tochi ya simu mdomoni, nikaikuta raba ya bushi ya nyuma kushoto imechanika duara nzima, imeachana na chuma chake. Ya kulia imeanza kufuata. Bushi ambazo hazijamaliza hata miezi mitatu! Zile za kiwandani zilizotolewa zilikuwa na umri wa kijana wa kidato cha nne.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya mtumba kutoka Japani, ndoto ya nusu ya vijana wa Kampala tangu Charles Muhangi achukue ubingwa wa rali wa Afrika mwaka 1999. Mimi si mshindani. Naenda uwanja wa mbio wa Busiika siku za kujifurahisha, nakimbizana na saa kwenye vumbi, na Jumatatu gari hilohilo linapeleka watoto shule. Shida yangu ilikuwa breki: nikikanyaga kwa nguvu, usukani unavuta kushoto, na matairi ya mbele yanaliwa upande wa ndani. Bushi za mikono ya chini zilikuwa zimeoza, gurudumu linarudi nyuma kila ukifunga breki.

Wote waliniambia niweke poli, zile bushi za plastiki ngumu ya polyurethane. Sikutaka. Poli huzunguka juu ya chuma chake ikitegemea grisi ya silikoni, na vumbi la murram likiingia humo, utajuta. Jirani yangu anayo. Kila tuta gari lake linalia kama kitanda cha gesti. Nikachukua raba ngumu, mbele na nyuma. Hela yake mke wangu anaamini ilikwenda kwenye bima.

Sasa fundi. Jina na gereji sitaji. Nisimsingizie, kutoa za zamani aliweza. Ile bolti ndefu ya nyuma inayoshika mikono ya pembeni kwenye gari hizi huwa imeshikana kwa kutu mpaka imekuwa kitu kimoja na chuma. Aliipiga moto, akaipiga nyundo, akaitoa bila kuikata. Nilimnunulia soda kwa hilo, na leo naidai ile soda.

Kisha akaanza kukaza. Gari liko juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, naye anakaza bolti za nyuma moja baada ya nyingine mpaka mwisho. Nikamwambia kwa upole, "Fundi, si tulishushe kwanza, tukaze likiwa limekanyaga chini?" Kwa sababu raba haizungukii bolti, jamani. Imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na mkono ukipanda na kushuka ni raba inayojisokota. Ukiikaza gari likiwa hewani, siku unayolishusha tayari umeisokota kama nguo inayokamuliwa, kabla hujakutana na shimo hata moja. Na barabara zetu tunazijua.

Akaweka spana chini. Akawatazama wateja watatu waliokuwa wakisubiri, na mama wa chai. "Ssebo, bwana mkubwa, wewe umesoma kwenye simu. Mimi nimekaza magari kabla baba yako hajanunua baiskeli."

Walicheka wote. Mama wa chai alicheka mpaka akamwaga. Kwa taarifa yake, baba alikuwa na baiskeli, Raleigh, tena yenye taa, na huyo bwana alikuwa hajazaliwa.

Kinachoniuma si matusi yale, ni kwamba nilinyamaza. Nikalipa. Nikasema asante.

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa, maana gari lilikuwa tamu! Baada ya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, nililipeleka Busiika, nikafunga breki mwisho wa njia nyoofu nikiwa nimejiandaa kupigana na usukani, likaenda moja kwa moja kama limewekwa kwenye reli. Unalielekeza kwenye kona, linakubali hapohapo, halina ule mtikisiko wa kufikiria kwanza. Nilishuka nikicheka peke yangu. Wiki hiyohiyo nikampelekea yule fundi wateja wawili. Mungu anisamehe, nao wanisamehe kama wanasoma hapa.

Leo asubuhi nimekwenda kwa mzee mmoja anayehudumia magari ya rali. Ameliweka gari juu ya shimo, likiwa limekanyaga kwa uzito wake, akalegeza bolti ya nyuma. Mkono wa gari ukaruka kidogo wenyewe, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Hakunicheka. Alisema tu, "Walikazia hewani."

Nikampigia yule wa kwanza. Eti spea za siku hizi ni feki. Nikayumba kidogo, feki zipo, nani asiyejua. Lakini bushi za mbele zimetoka duka moja, boksi za aina moja, na ziko kama zimefungwa jana. Nikakumbuka: za mbele alizikaza siku ya pili, gari likiwa chini, kwa sababu stendi alikuwa amempa mteja mwingine. Alifanya sawa kwa kukosa stendi!

Kwa hiyo bushi nazipa nyota nne. Hapana, tano, kosa si lao. Ingawa nikitulia naona kwamba kama fundi wako ni kama wangu, heri uchukue poli, maana yenyewe inazunguka, haijali imekazwa ikiwa wapi. Italia, ndiyo. Kitanda cha gesti kinalia lakini hakichaniki. Yaani miezi yote hii namcheka jirani, kumbe! Sijui. Niulizeni tena hasira zikishuka.

Za nyuma nimeagiza nyingine, raba ileile. Fundi wa kwanza amepiga simu mara mbili tangu mchana, sijapokea. Nadhani anatafuta spana yake ya 17. Iko kwenye buti yangu, nimeiona.