Pedali tatu, harusi moja: kwa nini nimebaki na ile ya njano

Nilikuwa na pedali tatu za gita, vile visanduku vya kukanyaga vinavyokoroza sauti. Chumbani kwangu Isevya, hapa Tabora, ile iitwayo Blues Driver ilishinda kabla sijamaliza wimbo wa kwanza. Ukigusa kamba kwa upole inaitika safi, ukikaza mkono inakoroma. Mwenye nayo ni mpiga solo mwenzangu wa Kanyenye, aliyeniazima hiyo ya bluu pamoja na TS9 yake ya kijani kwa wiki mbili. Yangu mimi ni Boss SD-1 ya njano, mtumba, iliyokuja na basi kutoka Dar ndani ya boksi la viatu. Usiku ule nikajua nimetupa hela.

Jumamosi tukapiga harusi Ipuli: magita mawili, besi, kinanda, dramu, tarumbeta moja. Ikafika zamu ya solo, nikakanyaga Blues Driver. Taa ikawaka, gita likapotea. Mpiga besi akanisogelea sikioni: "Kaka, umezima?" Nikaongeza sauti, wa kinanda naye akaongeza ya kwake, na baada ya dakika tano MC akawa anatupungia mkono tupunguze.

Kosa si la pedali. Blues Driver inapitisha sauti karibu yote, kuanzia nzito hadi kali, ndiyo maana inanoga ukiwa peke yako. Lakini kwenye bendi kule chini kumeshajaa besi, dramu na mkono wa kushoto wa kinanda. TS9 inapunguza uzito na kuinua sauti za kati, pale kwenye hezi 720 hivi. Ukiisikiliza chumbani ni kama mtu mwenye mafua. Kipindi cha pili nikaikanyaga hiyo, na mafua yaleyale ndiyo yaliyopenya hadi meza za nyuma.

SD-1 inafuata njia ileile. TS9 ina diodi mbili, vipande vidogo vya kielektroniki, zinazolikata wimbi la sauti sawasawa juu na chini. SD-1 ina tatu, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, kwa hiyo mkato hauko sawa. Sikio langu linasikia ukavu kidogo na makali zaidi. Kitufe cha Tone, cha ukali wa sauti, kikivuka katikati kinachoma, basi nakiweka chini ya hapo. Drive, cha mkoromo, nakiacha karibu na sifuri, Level, cha ukubwa wa sauti, juu. Kwenye sebene noti zinakimbizana, na ukizidisha Drive zinagandana kama uji uliopoa. Kwa wanamuziki wa rock ushauri huu hauna maana, najua.

Jambo moja linawaumiza wengi hapa Tabora: kuchomeka pedali moja kwa moja kwenye mixer. Spika ya gita huwa inapunguza yale makali ya juu. Bila hiyo unasikia nyuki ndani ya kopo, uwe na pedali ya bei gani. Sisi tunaweka ampu ndogo, tunaielekezea maiki.

Halafu betri. Waya ukiwa umechomekwa upande wa INPUT, pedali inakula betri hata kama taa imezima. Mimi niliuacha usiku kucha, kesho yake katikati ya kipaimara gita likaanza kukwaruza, kisha kimya. Betri ya mraba ya volti 9 Jumapili jioni usiitafute. Nilimalizia shughuli bila pedali. Sasa natumia adapta, na kabla ya kuinunua nilihakikisha upande hasi wa umeme uko katikati ya pini.

Niliyonunua mimi ilinigharimu kama nusu ya bei niliyotajiwa ya TS9, na jukwaani sijaona mcheza dansi aliyesimama kusikiliza tofauti. SD-1 inatengenezwa tangu 1981, bodi ni chuma, yangu imeshaanguka kutoka kwenye bodaboda ikapata mkwaruzo tu.

Blues Driver nimeirudisha shingo upande. Nikipata hela ya ziada nitanunua yangu, ya kupigia chumbani.