Mbegu ya Mpwapwa kwenye mrija: inunuliwe vipi, itumike kwa ng'ombe gani

Chenyewe ni kimrija cha plastiki cha mililita 0.25 chenye mbegu ya dume iliyogandishwa kwa ajili ya kuhimilisha ng'ombe, lakini mbegu hiyo inabeba damu ya aina kadhaa za ng'ombe iliyounganishwa kwa miaka mingi kule Mpwapwa, Dodoma: takriban asilimia 32 Red Sindhi, 30 Sahiwal, 19 zebu (ng'ombe wa asili mwenye nundu) wa Tanzania, 11 Boran, na kiasi kilichobaki ni ng'ombe wa Ulaya, hasa Ayrshire. Aina hii ilitambuliwa mwaka 1958, ikiwa imekusudiwa nchi kame: maziwa na nyama kutoka kwa mnyama anayestahimili jua na malisho makavu. Waliobaki ni wachache, na kila dume anayepotea anaondoka na sehemu ya damu hiyo. Kwa hiyo tunaiunga mkono mbegu hii kwa moyo wote, ila kwa masharti.

Kabla ya kulipa, soma maandishi kwenye mrija. Aina, namba ya dume na tarehe au namba ya toleo vionekane. Usiposoma namba ya dume, usiupokee. Ndama atakayezaliwa hatakuwa na baba anayejulikana.

Lawama nyingi dhidi ya mbegu hii ni lawama za mtungi wa naitrojeni ya kimiminika unaoihifadhi. Humo mbegu hukaa kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Mhimilishaji, yaani mtaalamu anayempandisha ng'ombe kwa mrija, akiinua kikapu cha mirija juu ya shingo ya mtungi huku akitafuta mrija, mirija yote iliyomo inaanza kupata joto, na madhara hayaondoki hata akiirudisha haraka. Ayeyushe mrija kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 40, apime kwa kipimajoto na si kwa kidole. Aufute ukauke kabisa kabla ya kuukata, kwa sababu tone la maji likiingia huua mbegu. Kisha aiachie mara tu baada ya kuvuka mlango wa kizazi, ndani ya dakika 15.

Kosa la mfugaji ni joto, yaani muda ambao jike yuko tayari kupandwa. Joto la zebu ni fupi na mara nyingi huja usiku, ndiyo maana wengi huambiwa "ng'ombe hakushika" ilhali alihimilishwa akiwa ameshapoa. Pita zizini alfajiri na jioni. Akisimama kupandwa asubuhi, ahimilishwe jioni. Akionekana jioni, ahimilishwe kesho yake asubuhi. Siku ya 21 mwangalie tena.

Sasa kosa kubwa, ambalo hata wauzaji hawalitaji: kununua mirija 40 ya dume mmoja kwa sababu ndama wake wa kwanza walipendeza. Piga hesabu. Dume 1 na majike 40 ni wanyama 41, lakini kwa utofauti wa damu kundi hilo ni sawa na wanyama wasiozidi 4. Gawa idadi hiyohiyo ya mirija kwa madume 4 wasio ndugu, hesabu inapanda hadi wanyama 14 au 15. Idadi ya mirija ni ileile, kazi ni ileile. Na mbegu ya dume yuleyule ikirudi kwa mabinti zake, robo ya vinasaba vya ndama itakuwa imerudufiwa kutoka kwa babu aliye pia baba: ndama dhaifu, mimba zinazotoka, majike wasioshika. Omba nasaba ya kila dume, ubadilishe dume kabla mitamba wa kwanza hawajafikia kupandwa.

Jambo jingine: usiwahimilishe zebu wako wote. Uzao wa kwanza ni nusu Mpwapwa, wa pili robo tatu, na wa nne karibu asilimia 94. Zebu wa kijiji atakuwa ametoweka zizini kwako. Tenga majike bora wa asili, wapandwe na dume wa asili kutoka kundi jingine, nao uwaandike kwenye daftari lao.

Mwenye majike chini ya 10 asinunue peke yake. Majirani watatu wanne wakichanga, kila mmoja akichukua dume wake na wakabadilishana mitamba badala ya kurudia mbegu, mbegu hii inastahili fedha yake.