Balansi ya magurudumu kwenye gereji za matairi: inatibu nini, inagota wapi

Gari limetulia mpaka kilomita 80 kwa saa. Likifika 90 usukani unaanza kucheza, likipita 115 unatulia tena. Dalili hiyo, kwa mtu anayekimbiza gari kati ya Kibaha na Chalinze, ndiyo kazi hasa ya balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu pande zote, na hakuna matengenezo ya chini ya gari yanayolipa kama haya kwa bei yake. Shida ni kwamba huduma hii inauzwa kama dawa ya kila mtikisiko, na mara nyingi hufanywa nusu.

Gramu 30 zikizidi upande mmoja wa rimu ya inchi 16, mwendo wa kilomita 50 huzaa mvuto wa kilo moja na kidogo. Kwenye 100 mvuto huo unakuwa mara nne: karibu kilo 5, na kwa tairi la 205/55R16 unapiga mara 14 kila sekunde. Kwa hiyo kulijaribu gari kwa kulizungusha mtaani baada ya kazi hakuthibitishi chochote.

Gereji nzuri utaijua kabla mashine haijawashwa. Gurudumu linaoshwa, tope lililoganda ndani ya rimu linakwanguliwa, risasi za zamani (vile vipande vidogo vya uzito vinavyobandikwa kwenye rimu) zinabanduliwa zote. Fundi anayebandika mpya juu ya za zamani mwache. Kisha anaingiza vipimo vitatu: umbali wa rimu kutoka kwenye mashine, upana na kipenyo. Akikosea upana, mashine itagawa risasi vibaya kati ya upande wa ndani na wa nje.

Kinachorukwa zaidi ni uhakiki wa kitovu. Skrini ikishaonyesha sifuri pande zote, mwombe alegeze gurudumu, aligeuze nusu mzunguko kwenye shafti huku shafti ikibaki palepale, alikaze tena na kulizungusha bila kugusa risasi. Ikitokea gramu 5 si neno. Zikitokea 20, koni inayolishikilia gurudumu kwenye shafti haikulishika katikati, na zile sifuri za mwanzo zilikuwa pambo tu. Ni kazi ya dakika moja, na sisi tunaipa gereji alama kwa hili kuliko kwa upya wa mashine yake.

Kasoro ya pili inatokana na urembo. Ili sporti rimu isiharibike sura, risasi zote hubandikwa mstari mmoja kwa ndani. Kurukaruka juu na chini kunapona, lakini kuyumba kwa kushoto na kulia, kunakotikisa usukani, kunabaki. Dai mistari miwili. Wa pili unaweza kujificha nyuma ya spoku.

Kurudisha gurudumu nako kuna mambo. Kutu kwenye uso wa habu, kitovu cha gari ambapo rimu hukaa, isuguliwe kwa brashi ya waya. Rimu zisizo za kiwandani mara nyingi zina tundu la katikati la milimita 67.1 au 73.1, ilhali habu ya IST au Corolla ni 54.1 na ya RAV4 ni 60.1. Bila pete ya kujazia nafasi hiyo, gurudumu linaweza kukaa pembeni hata likiwa na balansi kamili. Nati zikazwe kwa kuvuka, kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), niutoni-mita 103 kwa Corolla na RAV4. Bunduki ya upepo ya kukazia nati pekee haitoshi.

Balansi inagota pale tairi lenyewe lisipokuwa duara. Mashine ya kawaida hulizungusha hewani, bila uzito. Mashine ya Road Force Elite ya kampuni ya Hunter inalikandamiza kwa rola, hadi paundi 1,250, kisha inaonyesha tairi ligeuzwe kiasi gani juu ya rimu ili kilima cha tairi kikutane na bonde la rimu. Ukiipata, ilipie pale tu tairi jipya linapotikisa baada ya balansi iliyohakikiwa. Ukiikosa, inua gari, liweke juu ya stendi, shikiza bisibisi karibu na kashata za tairi na uzungushe kwa mkono: uwazi ukibadilika polepole, tairi au rimu si duara, kikipita kivimbe cha ghafla, nyuzi za ndani zimeachana na tairi ni la kutupa.

Mtikisiko wa wakati wa breki tu, angalia diski. Unaokuja ukikanyaga mafuta na kukoma ukiachia, shuku jointi ya ndani ya drafti shafti, ile inayopeleka nguvu kwenye gurudumu. Mvumo wa haraka kwenye sakafu ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma ni wa propela shafti, ile ndefu inayopeleka nguvu nyuma, na krosi (viungo) zake. Alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) ikikosewa hula matairi na kuvuta gari upande. Anayekuuzia kazi ya alaimenti kama tiba ya usukani unaotetemeka anakuuzia kitu kingine.

Kabla ya kulipa, hamisha magurudumu ya mbele nyuma. Mtikisiko ukihama kutoka usukani kwenda kiti, gurudumu ndilo lenye kosa. Na weka alama ya kalamu pembeni ya kila risasi: rimu isiposafishwa mafuta, risasi huanza kudondoka wiki hiyohiyo, na alama itakuonyesha ipi imeondoka.