Moduli ya cmd ya Python: tathmini kutoka kaunta ya vifaa vya ujenzi, Tanga

Moduli ya cmd ni sehemu ndogo ya maktaba inayokuja pamoja na Python, lugha ya kuandikia programu, na kazi yake ni kumwezesha mwandishi wa programu kutengeneza mkalimani wake mwenyewe wa amri: programu inaonyesha kiulizo, mtumiaji anaandika amri, anabonyeza Enter, anajibiwa, kisha kiulizo kinarudi. Nimeitumia kutengeneza daftari la mauzo la duka moja la vifaa vya ujenzi lililoko Ngamiani, hapa Tanga, ambako saruji ya Pongwe, nondo, mabati na misumari vinauzwa tangu asubuhi, na kompyuta ya kaunta imechakaa kiasi kwamba programu yenye madirisha mengi huichosha kabla ya mteja wa kwanza. Kwa kazi hiyo moduli hii imenipendeza sana. Hata hivyo, ina mazoea fulani ya asili ambayo hayafai kabisa mahali panapoandikwa fedha, nayo sharti yabadilishwe kabla muuzaji hajaigusa.

Matumizi yake ni mepesi. Unarithi klasi (kiolezo cha programu) iitwayo Cmd, kisha kila methodi (kazi inayoandikwa ndani ya klasi) ambayo jina lake linaanza na do_ inageuka kuwa amri, hivyo do_uza inampa muuzaji amri ya uza, na do_pokea inampa amri ya pokea. Akiandika "uza saruji 3", methodi inakabidhiwa maneno "saruji 3" yakiwa pamoja kama yalivyo, na kuyatenganisha ni kazi yako. Bidhaa yenye jina la maneno mawili, kama rangi ya mafuta, itahitaji alama za kunukuu na msaada wa moduli nyingine iitwayo shlex. Faili zima la cmd halifiki mistari 500, na mtu anayejua Python anaweza kulisoma lote kwa jioni moja. Wala si kitu cha kuchezea, kwa kuwa pdb, chombo cha kusakia hitilafu kinachokuja na Python yenyewe, kimejengwa juu yake. Kwa anayenunua bando kidogo kidogo, kutohitaji kupakua chochote nacho si jambo dogo.

Lugha haikunisumbua sana. Maelezo ya amri unayaandika kwa Kiswahili mwanzoni mwa methodi, nayo ndiyo yanayoonekana mtumiaji anapoomba msaada. Vichwa vya orodha ya amri ni sifa za kawaida za klasi, doc_header na undoc_header, ambazo unazipa maneno yako. Ujumbe wa amri isiyojulikana, "*** Unknown syntax", umeandikwa ndani ya methodi ya default, kwa hiyo huna budi kuiandika upya methodi hiyo. Kuna mtego mmoja ambao walioitunga hawakuwa na sababu ya kuufikiria: moduli inatambua jina la amri kwa herufi za Kilatini, tarakimu na mstari wa chini pekee. Ukitaka amri ya ng'oa, itasoma "ng" kuwa ndiyo amri na kilichobaki kuwa maelezo yake. Nilichagua "ondoa", na mambo yakaendelea.

Sasa nije kwenye kasoro. Kubwa kuliko zote ni kwamba ukibonyeza Enter bila kuandika kitu, moduli inarudia amri ya mwisho. Kwa fundi anayesaka hitilafu katika pdb, tabia hiyo ni neema, kwa sababu anasogea hatua kwa hatua kwa kidole kimoja. Kwenye kaunta ni balaa. Siku ya majaribio, kabla hatujaingiza hesabu za kweli, kijana wa dukani aliandika "uza saruji 3", akabonyeza Enter, kisha akabonyeza tena kama watu wengi wanavyofanya mashine inapochelewa kujibu. "Kaka, mbona imetoa mifuko sita?" akaniuliza. Programu ilikuwa imetii sawasawa na ilivyoelezwa katika hati rasmi za Python. Dawa yake ni mistari miwili tu, yaani kuandika methodi yako ya emptyline isiyofanya lolote, lakini ningependelea sana walioitunga wangeacha ukimya uwe ndio kawaida, na anayetaka kurudia aombe mwenyewe.

Tabia ya pili ni ya kichinichini zaidi. Methodi ya amri ikirudisha thamani yoyote ambayo Python inaihesabu kuwa kweli, mzunguko unasimama na programu inafungwa. Ndivyo amri ya kutoka inavyofanya kazi. Maana yake ni kwamba ukiandika do_salio, nayo kwa nia njema ikarudisha idadi ya mifuko iliyobaki, muuzaji ataulizia salio la saruji na programu itajifunga, ilhali akiulizia bidhaa iliyokwisha, ambayo salio lake ni 0, itaendelea kama kawaida. Hitilafu ya namna hii inaweza kumpotezea mtu siku nzima, maana inaonekana kama programu inachukia ghala lenye mali. Methodi za amri zichapishe jibu na zisirudishe kitu.

Tatu, moduli haikamati makosa ya ndani ya amri. Muuzaji akiandika "uza saruji tatu" badala ya tarakimu, ubadilishaji wa neno kuwa namba unashindikana, na programu inaanguka kwa maandishi marefu ya Kiingereza mbele ya mteja. Niliiandika upya methodi ya onecmd, inayotekeleza amri moja moja, ili ikamate makosa, itoe sentensi moja ya Kiswahili na kurudi kwenye kiulizo. Hali kadhalika alama ya mwisho wa maandishi, ambayo mtu huituma kwa Ctrl na D, inafika kama amri iitwayo EOF. Usipoandika do_EOF utaambiwa haijulikani, na kama amri zinasomwa kutoka kwenye faili, ujumbe huo utajirudia bila kikomo.

Kinachofidia yote hayo, kwa maoni yangu, ni methodi ya precmd, inayopokea kila mstari kabla haujatekelezwa. Hati rasmi zinaonyesha mfano wa kuchora kwa kobe (turtle, chombo cha Python cha kuchorea), ambamo precmd inaandika kila amri kwenye faili, na amri nyingine inairejesha orodha hiyo kupitia cmdqueue, foleni ya amri zinazosubiri kutekelezwa, ili mchoro ujichore upya. Wazo hilo nililihamishia dukani moja kwa moja, kwa kuwa umeme ukikatika mchana, faili la amri za tangu asubuhi ndilo linalojenga upya hesabu. Ila mfano ule usinakiliwe jinsi ulivyo. Kwanza, unageuza kila herufi kuwa ndogo, jambo linaloharibu majina ya wateja katika orodha ya madeni. Pili, hausukumi maandishi yafike diski kila baada ya mstari, kwa hiyo umeme ukizimika ghafla, amri za karibuni zinaweza kuwa bado ziko kwenye kumbukumbu na kupotea. Ongeza flush, kisha os.fsync, zinazosukuma maandishi hadi diski, na bughudha hiyo inaisha.

Kitufe cha Tab kinakamilisha majina ya amri bila kazi yoyote ya ziada, na kwa kuandika complete_uza unaweza kukifanya kikamilishe majina ya bidhaa pia. Kaunta ile inatumia Linux, ambako jambo hili linafanya kazi vizuri. Kwenye Windows moduli ya readline, ambayo cmd inaitegemea kwa ukamilishaji huo, haiji pamoja na Python, hivyo Tab haisaidii kitu. Bidhaa zenye kistari, kama nondo-12, ziandike nondo_12, kwa sababu readline inakihesabu kistari kuwa mpaka wa neno na ukamilishaji unachanganyikiwa.

Anayetaka rangi na mapendekezo yanayojitokeza wakati wa kuandika atazame prompt_toolkit, na anayetaka kubaki na mtindo huu huu ukiwa na nyongeza nyingi atazame cmd2. Zote mbili hupakuliwa kando. Kwa duka lenye kaunta moja sikuona haja. Nilichokiongeza ni sqlite3, moduli ya hifadhidata ambayo nayo huja na Python, ili kila uza na kila pokea ikamilike kwa commit, yaani ihifadhiwe rasmi, kabla kiulizo hakijarudi.