Kununua godoro, mto na kitanda: pesa iende wapi kwanza

Wengi huanza na kitanda, kwa sababu ndicho kinachoonekana. Mbao inang'aa, upande wa kichwani umenakshiwa, halafu chenji iliyobaki ndiyo inayonunua godoro. Mimi nimepindua mpango huo: godoro kwanza, mto pili, kitanda mwisho.

Kwenye magodoro, nafasi ya kwanza naipa sponji yenye densiti ya juu. Si tamu kuliko zote, ila kwa watu wengi ndiyo inayolipa pesa yake. Tatizo ni kwamba neno "densiti" hutamkwa dukani kama uchawi, na muuzaji akiulizwa maana yake anabonyeza godoro kwa kiganja na kusema, "Ona lilivyo gumu!" Ugumu ni kitu kingine. Densiti ni uzito wa sponji kwa kila mita moja ya ujazo, na kiwandani sponji nyepesi inaweza kabisa kufanywa ngumu. Hiyo ndiyo inayokudanganya siku ya kununua, kisha baada ya miezi kadhaa inakuachia bonde pale kiuno kinapolala.

Dawa yake ni mizani. Godoro la mita 2 kwa mita 1.5, unene sentimita 20, lina mita za ujazo 0.6. Likiwa la densiti 30, sponji yake peke yake inakaribia kilo 18. Ukilipandisha kwenye mizani likasoma kilo 11, hilo ni la densiti 18 hivi, hata kibandiko kiseme nini. Kitambaa cha juu huongeza uzito kidogo, lakini si kilo saba.

Nafasi ya pili ni springi za mifukoni, ambapo kila springi imeshonewa mfuko wake na hucheza peke yake. Wanaolala wawili wanaweza kuzipandisha za kwanza, maana mmoja akigeuka mwenzake harushwi. La tatu ni la mpira wa lateksi: linadumu, linarudi haraka ukilibonyeza, lakini bei yake ni kali na kulinyanyua ni kazi ya watu wawili. Memori fomu, sponji ile iliyobuniwa mwaka 1966 katika kazi za NASA kwa ajili ya viti vya ndege, nimeiweka ya nne. Hulainika kwa joto la mwili na kukukumbatia vizuri, ila anayetokwa jasho usiku atajuta. Mwisho kabisa ni springi za kizamani zilizofungamana kwa waya. Moja ikilegea, jirani zake hufuata.

Na ule ushauri kwamba mwenye maumivu ya mgongo alalie godoro gumu kama ubao? Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2003, kwa watu wazima 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, ulionyesha kuwa waliolalia ugumu wa wastani walipata nafuu zaidi ya waliolalia magumu. Kwa hiyo dukani vua viatu, lala chali dakika kumi, usione haya. Pitisha mkono chini ya kiuno: ukipita na nafasi kubwa kubaki, hilo ni gumu mno. Nyonga zikizama kuliko mabega, ni laini mno.

Kwenye mito, wa kwanza kwangu ni ule wenye zipu uliojazwa vipande vya sponji, kwa sababu ukiwa mnene unapunguza mwenyewe. Unafuata wa lateksi, kisha wa nyuzi za poliesta, ambao ni rahisi kufua lakini husinyaa mapema. Ukunje katikati na uuachie. Usipofunguka wenyewe, umekwisha. Anayelala ubavu anahitaji mto wa kujaza nafasi kati ya sikio na ncha ya bega. Anayelala chali atumie wa wastani, na wa kifudifudi mwembamba sana au asitumie kabisa. Mtoto asiyetimiza mwaka hawekewi mto.

Kitanda sasa. Mbao au chuma, chagua upendacho. Angalia chaga tu. Niliwahi kubadilisha godoro kwa ajili ya mgongo, na mwezi haukuisha maumivu yakawa palepale. Siku nilipoliinua kutafuta hereni iliyodondoka, nikakuta chaga mbili za katikati zimepasuka. Godoro la zamani halikuwa na kosa lolote, na nilikuwa nimeshaligawa!

Kwa sponji na lateksi, nafasi kati ya chaga na chaga isizidi sentimita 7 hivi, la sivyo godoro huanza kuzama kwenye mianya. Kitanda kipana kiwe na mguu wa katikati unaogusa sakafu kweli, maana vingine vimewekewa mguu unaoning'inia. Cha nati kinashinda cha misumari, kwa sababu kikianza kulia unakikaza. Kaa ukingoni, kitikise, sikiliza. Na kabla hujalipa, pima mlango wa chumba: sponji utaipinda ipite, kitanda kilichogongwa misumari hakipindi.